RNA Ndogo Mbele ya Wakwe

Mimi ni mtu wa kueleza. Ukiniuliza saa ngapi, nitaanza na jua. Wanafunzi wangu wa Kilwa Kivinje wanalijua hilo na wajanja hulitumia. Siku ambayo hawataki jaribio lifanyike, mmoja hunyoosha mkono akauliza kwa nini damu ni nyekundu, na mimi huenda nao hadi kengele inapogongwa, nikatoka darasani nimeridhika kama mtu aliyeshinda kesi. Nyumbani ni yaleyale. Jioni moja mke wangu aliniuliza kama chumvi imetosha kwenye mchuzi wa kamba. Nilipofika kwenye kazi ya figo, alichukua kijiko akaenda kumwonjesha jirani.

Kwa hiyo lilipokuja jambo la sentensi moja, ambalo mtu mwingine angelisema akiwa anavua viatu, mimi nilinunua karatasi za manila.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Tulikuwa tumeoana muda mrefu kiasi kwamba watu walikuwa wameacha kuuliza kwa mdomo na kuanza kuuliza kwa macho. Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mke wangu ana cherehani yake kibarazani karibu na soko, na wateja walimwita "fundi", majirani wakamwita "mke wa mwalimu". Jina la tatu halikuja. Mimi nilibaki "mwalimu", jina zuri, pana, linalofunika mengi.

Kwao ni Mtama, na kila alipokwenda kusalimia alirudi na chupa. Ni chupa kubwa ya plastiki iliyowahi kuwa ya soda, imejaa maji ya mizizi yenye rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Bibi yake ndiye aliyeichimba hiyo mizizi, akaichemsha na kuichuja kwa kitambaa. Mke wangu aliinywa asubuhi na jioni, amefumba macho. Ukoo mzima ulikuwa umekata shauri, bila hata kukaa kikao, kwamba kasoro iko kwake. Na mimi, mwalimu wa baiolojia, nilikuwa nikikaa pembeni yake akinywa, nikimweleza jinsi ini linavyoshughulika na vitu vichungu.

Hatimaye ni yeye aliyesema twende hospitali tukapime. Alipimwa kwanza, akaonekana mzima. Ikafika zamu yangu. Nilipewa kikopo chenye kifuniko na kuonyeshwa mlango wa choo ambao komeo lake lilikuwa limevunjika, na nje yake kulikuwa na benchi la kina mama waliokuja kliniki. Sitaeleza zaidi ya hapo, ingawa mnajua kwamba ningeweza.

Walirudia kipimo, kisha wakanifanyia upasuaji mdogo wa kuchukua kipande cha nyama mahali ambapo mwanamume hapendi kisu kifike. Daktari alikuwa kijana mpole. Alivuta kiti karibu.

"Mwalimu, mbegu zinaanza kutengenezwa," alisema. "Zinafika katikati, halafu zinasimama. Hakuna hata moja inayokomaa."

"Sababu?"

"Mara nyingi sababu hatuijui."

"Inaweza kuwa zile RNA ndogo?"

Alinitazama kwa mshangao, na hata katika saa ile, nikiwa na bandeji mahali penye aibu, nilijisikia fahari. Nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za vipande hivyo vinavyozima na kuruhusu jeni, kwa ajili ya kidato cha sita, nikakesha nazo kama mtu aliyepata hadithi tamu.

"Inaweza," alisema. "Hapa hatuna kipimo cha kitu kama hicho. Na hata tungekuwa nacho, tiba yake bado hakuna. Nisikudanganye."

Nilitoka nimeshika hilo neno "inaweza" kama tikiti. Mke wangu alikuwa ananisubiri chini ya kivuli cha jengo, mkoba umelala mapajani. Nikamweleza habari za RNA mpaka tukafika kituo cha magari. Alinisikiliza yote. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni wewe?"

"Kwa namna fulani, ukitazama kwa upana..."

"Mume wangu."

"Ndiyo. Ni mimi."

Hakulia na hakunilaumu. Alinunua machungwa, akanimenyea moja. Lakini baada ya wiki chache ikaja simu kutoka Mtama. Mjomba wake alikuwa anaitisha kikao. Kwao watoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Alikuwa anataka mpwa wake abaki Mtama msimu mzima atibiwe vizuri, maana ilionekana dawa anazokunywa Kivinje hazifuatwi sawasawa. Msimu mzima maana yake ni cherehani kufungwa na wateja kuhama. Tena ni mwanamke mzima kulala kwenye chumba cha bibi yake, akiulizwa kila asubuhi kuhusu siku zake.

"Utawaambia wewe," alisema mke wangu. "Mimi nikisema, watadhani ninakusingizia ili nijitetee. Na useme kwa kifupi."

"Nitasema."

"Kwa kifupi."

"Nimekusikia."

Ndipo nikanunua manila. Nilijiambia kwamba wakwe zangu ni watu wenye akili, wanastahili kuelewa jambo toka mizizi yake. Nilichora kwa kalamu za rangi tatu. Mke wangu aliponiona nimeinama sakafuni, natia kivuli kwenye kiini cha seli, alisimama mlangoni kwa muda, akarudi kwenye cherehani yake.

Ilikuwa likizo ya Juni. Tulibadilisha gari Nangurukuru, tukabadilisha tena Mnazi Mmoja, manila zangu nimezikunja kama mkeka mdogo, na kila abiria aliyeziona aliniuliza kama nimekuja kusimamia uchaguzi.

Kikao kilikaa barazani baada ya swala ya alasiri. Mjomba alikaa kwenye kiti cha kamba. Bibi alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anamenya mbaazi mbichi ndani ya ungo. Mke wangu alikaa nyuma yake. Mama mkwe hakuwa barazani, maana mimi na yeye tunastahiana na hatukai mbele ya macho. Alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na mara kwa mara pazia lilitikisika kuonyesha kwamba anasikia. Alikuwepo pia mzee mmoja muuza samaki wakavu, jirani, ambaye ni mtani wa ukoo ule. Mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemwa hata msibani, na huyu hakuwahi kuipoteza bure.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mkwe. Umetuletea ramani? Unauza viwanja?" alisema mtani kabla wenye shikamoo hawajajibu.

Nilipachika manila ukutani kwa misumari iliyokuwa ya kuanikia tumbaku. Nikakohoa.

Sasa mniwie radhi, kwa sababu somo lenyewe lilikuwa zuri, na nikilieleza tena hapa ni kwa kuwa nalipenda. Nilijua siwezi kutaja viungo mbele ya mama mkwe, hata kama yuko nyuma ya pazia. Nikatafuta mfano ambao kila mmoja pale anaujua, nikaupata: jando, na kumbi lake la porini wanamokaa wari, wavulana wanaotahiriwa.

"Mjomba," nilianza, "mbegu ya mwanamume haizaliwi mbegu. Inazaliwa seli ya kawaida, kama mtoto wa kiume. Inapelekwa kumbini. Inakaa huko zaidi ya miezi miwili. Inaingia mviringo, imejaa, ina kila kitu. Inatoka nyembamba, imevuliwa karibu vyote, ina kichwa na mkia na safari moja tu mbele yake."

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Bibi aliacha kumenya.

"Ndani ya kila seli kuna jeni. Jeni ni maagizo: fanya hivi, pika kile. Wari wakiwa kumbini hawali kila chakula kila siku. Kuna wakati wa hiki, kuna wakati wa kile. Jikoni kukiendelea kupikwa chakula cha wiki iliyopita, mambo yanaharibika. Basi kuna vitu vidogo mno, vipande vifupi vya RNA, kazi yake ni kwenda jikoni na kusema: hiki basi, zima moto, sasa kipikwe kile."

"Hao ni walezi wa wari," alisema mjomba.

"Hao hasa." Nilihisi joto la furaha kifuani, lile la mwalimu anapoona mwanafunzi ameshika. "Na kuna walezi wengine, wadogo vilevile, wenye kazi ngumu zaidi. Miongoni mwa jeni wamo wahuni. Hawakai mahali pamoja. Wanajinakili, wanaruka, wanajichomeka katikati ya maagizo ya wenzao na kuyakata. Mwilini kwingine wamefungwa vizuri, lakini kumbini kamba zinalegezwa kwa muda, kwa sababu kila kitu kinapangwa upya. Hapo ndipo walezi hawa wanapofanya kazi. Kila mmoja amekariri sura ya mhuni wake. Akimwona anamkamata, na wenzake wanakuja kumfunga mdomo asisikike tena."

"Wakikosekana?" aliuliza bibi.

"Wakikosekana, bibi, wahuni wanavuruga kumbi lote. Wari wanafika katikati hawaendi mbele. Hakuna anayetoka. Kumbi linafungwa kabla ya siku yake." Nikaweka kidole kwenye manila ya mwisho, niliyokuwa nimeichora msalaba mwekundu. "Na hali yangu mimi, kwa maelezo ya daktari, inafanana na hiyo. Inaweza kuwa ni hao walezi. Inaweza kuwa ni jambo lingine. Ila kumbi linafungwa katikati."

Nikakaa. Nilidhani nimemaliza. Nilidhani hata nimesema.

Mjomba aliangalia manila moja baada ya nyingine, polepole, kwa makini ambayo sijawahi kupewa na kidato chochote.

"Mkwe," alisema, "wewe ulitahiriwa wapi?"

"Zahanati, mjomba. Nilikuwa mdogo."

"Na jandoni ukaingia lini?"

"Sikuingia. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, tulikuwa tunahamahama. Alinipeleka zahanati siku ya Jumamosi, Jumatatu nikaenda shule."

Bibi alipiga makofi ya taratibu, moja, jingine, kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Pazia likatikisika sana.

"Basi ndiyo hayo," alisema mjomba. "Mwenyewe umetueleza vizuri. Mwenye mbegu hakukaa kumbini, mbegu zake zitajuaje kukaa?"

"Hapana, mjomba, ule ulikuwa..."

"Walezi watatoka wapi, kama yeye mwenyewe hakulelewa?" alisema bibi.

"Nyinyi watu," alisema mtani, akimgeukia mjomba kwa huzuni kubwa ya kuigiza, "mlikula mahari ya mtoto mzuri namna hii, mkamwoza kwa mvulana mwenye ndevu. Tena anafundisha wavulana wenzake."

"Nyamaza, mnuka ng'onda," alisema mjomba.

"Ninanuka ng'onda, lakini nimetoka kumbini nikiwa mzima."

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuwa na darasa lililoelewa hivyo. Kila hatua waliishika. Walikuwa wameunganisha sababu na matokeo bila kuruka hata hatua moja, na hitimisho lao lilikuwa lazima nitahiriwe upya, au kama kisu hakina la kukata, basi angalau nikae kumbini.

"Wari wa mwaka huu wanaingia Jumatatu ijayo," alisema mjomba. "Wadogo wadogo, lakini haidhuru. Utakuwa mkubwa wao. Na bahati nzuri shule zimefungwa."

Mtakaposikia kwamba wazo hilo lilinivutia, msinicheke zaidi ya ninavyojicheka. Niliona mara moja jinsi lilivyo rahisi. Ningekaa porini wiki kadhaa na watoto wa miaka tisa, nipakwe unga, niimbe nyimbo nisizozijua. Ningekuwa kichekesho cha Mtama yote. Lakini ile sentensi nisingelazimika kuisema. Kasoro ingekuwa ya zahanati, ya baba, ya Jumamosi ile. Ningerudi Kivinje na hadithi ya kuchekesha. Nilikuwa tayari natafuta maneno ya kukubali kwa heshima.

Ndipo bibi akaingiza mkono nyuma yake, chini ya upande wa kanga uliokuwa mkekani, akatoa chupa.

"Na huyu naye asiache yake," alisema. "Mume akiwa jandoni, mke abaki hapa kwangu anywe. Pande zote mbili zifanye kazi. Safari hii nimeongeza ukali."

Mke wangu alinyoosha mikono yote miwili kuipokea, kwa adabu, kama alivyozoea. Hakunitazama. Lingekuwa jambo jepesi angenitazama kwa hasira, lakini alikuwa anatazama kifuniko cha chupa, akikipima kwa macho ya fundi, kama mtu anayepokea kitambaa cha kazi nyingine ambayo hakuiomba.

"Bibi, usimpe," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mtani akaacha kutabasamu.

"Eleza," alisema mjomba.

Maisha yangu yote nimengoja watu waniambie neno hilo, na lilipokuja sikuwa na kitu. Nikasimama, nikazichomoa manila ukutani, kwa sababu sikuweza kusema zikiwa zinanitazama.

"Sina la kueleza, mjomba. Mbegu sina. Yeye ni mzima, amepimwa, hana kasoro yoyote. Dawa amekunywa bure miaka yote hii. Ni mimi."

"Na walezi wale?"

"Sijui kama ni wao. Hata daktari hajui. Nimewaleta hapa kwa sababu walinisaidia kusema bila kusema."

"Na jando?"

"Mkitaka niingie nitaingia, kwa heshima yenu. Lakini halitaleta mtoto. Ule ulikuwa mfano tu, na mfano wenyewe ulikuwa mbaya."

"Mfano ulikuwa mzuri," alisema mtani, safari hii bila mzaha mwingi. "Tatizo ulituonyesha watu wote wa kumbini, ukajisahau wewe."

Nyuma ya pazia mtu alisafisha koo. Mama mkwe hanisemeshi moja kwa moja, na hata siku hiyo hakuvunja desturi. Alisema na ndugu yake.

"Kaka, muulize mkwe. Mtoto wangu alijua lini?"

Mjomba aliniuliza, kana kwamba sikusikia.

"Siku ileile niliyojua mimi," nilijibu.

Mjomba alilirudisha jibu kwenye pazia. Sauti ikasema, "Alijua, na bado alikuja hapa akapokea chupa." Halikuwa swali. Halafu, "Kaka, mwambie mkwe kisamvu kinapoa."

Mjomba aliegemea kiti chake. Alisema habari ya mpwa wake kubaki Mtama imekwisha, atarudi kwenye kazi yake, na asimsikie mtu wa ukoo akimwita mgumba. Alisema mambo ya mtoto wa kulea yatazungumzwa siku nyingine, kina mama wakiwepo, maana katika ukoo hakosi mtoto wa ndugu. Aliyasema bila kupandisha sauti, kama mtu anayegawa mashamba. Kuhusu mimi na jando, alisema atafikiri, na nadhani mpaka leo anafikiri, kwa sababu kila Juni hunipigia simu kuniuliza kama shule zimefungwa.

Mke wangu alikuwa bado ameshika chupa mikononi. Bibi aliitazama, akamtazama yeye, kisha akaichukua polepole kutoka mikononi mwake. Nilipumua. Nikaona mwisho mzuri. Ndipo bibi akajisogeza kwenye mkeka akaiweka mbele ya magoti yangu.

"Si dawa ya wanawake hiyo, bibi?" niliuliza.

"Mzizi haujui anayeunywa ni nani."

Sikuona namna mizizi ile ingeweza kuhuisha kitu kilichosimama katikati. Kulikuwa na sababu kadhaa, na zote zilinijia kwa mpangilio mzuri, ya kwanza ikihusu tumbo na asidi zake. Nilifungua mdomo.

"Kunywa," alisema mke wangu.

Nilikunywa. Uchungu ulinipanda mpaka masikioni, ukashuka tena, ukakaa mahali fulani chini ya ulimi ambapo nadhani bado upo. Machozi yalinitoka. Mtani alisema sasa angalau kitu fulani kimetoka. Mimi sikusikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nahesabu kichwani, nikijaribu kupata idadi ya asubuhi na jioni ambazo mwanamke huyu alikunywa kitu hiki nikiwa pembeni yake, nikieleza habari za ini. Hesabu ilinishinda.

"Asubuhi na jioni," alisema bibi, akirudi kwenye mbaazi zake.

Mke wangu alisogea akakaa karibu nami. Alinipa ncha ya kanga yake nifute mdomo.

"Kesho ufumbe macho," alisema. "Ndivyo inavyoshuka."